Kufuli la Landilodi Si Amri ya Mahakama



Kuna swali linalorudi kila mwisho wa mwezi: "Nimetoka kazini nimekuta landilodi ameweka kufuli lake juu ya kufuli langu. Nifanye nini?" Wengine huuliza baada ya mlango kung'olewa, au mabati kutolewa usiku mvua ikinyesha, au stima kukatwa kwa vyumba viwili tu katika ploti nzima. Na wengi wanauliza kwa sauti ya mtu aliyeshakubali kwamba amekosa, kwa sababu kweli anadaiwa.

Basi tuanze hapo. Kenya hakuna mwenye nyumba anayeruhusiwa kumtoa mpangaji kwa mkono wake. Hata kama unadaiwa. Hata kama deni ni la miezi mitatu na simu zake umeacha kuzishika. Deni linampa haki ya kukudai, kukupa notisi na kukushtaki. Halimpi haki ya kufunga, kung'oa wala kutupa vyombo vyako nje. Anayemtoa mpangaji ni mahakama au jopo lenye mamlaka, na anayekuja kutekeleza ni mtu aliyetumwa na hao, akiwa na karatasi yenye muhuri. Kufuli ni la duka la hardware, muhuri ni wa mahakama, na watu mtaani wamezoea kuvichanganya.

Utasikia wakisema, "Lakini ploti ni yake." Ni kweli, na Katiba kifungu cha 40 inamlinda katika mali yake. Lakini ukishapanga, chumba ni makao yako mpaka upangaji uishe kisheria, na kifungu cha 43 cha Katiba hiyo hiyo kinataja haki ya kila mtu kuwa na makao yanayofaa. Sisi Waislamu jambo hili tusingehitaji kufundishwa na wakili. Surat an-Nur imeweka adabu ya kuingia nyumba za watu, kwamba uombe ruhusa na utoe salamu kwanza. Mwenye ploti anayefungua chumba cha dada yetu kwa ufunguo wa akiba, eti anakagua choo, hana haki hiyo hata kama yeye ndiye anayesimama safu ya kwanza msikitini.

Sasa, njia ya kukutoa inategemea umepanga nini na unalipa ngapi. Hapa ndipo wengi wanapotea, maana wanafuata ushauri wa jamaa aliye Nairobi, na hali ya Nairobi si ya Kamukuywa.

Kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi watu huicheka, kwa sababu kiwango hicho kimebaki pale pale miaka na mikaka huku kodi zikipanda, na leo ukitafuta chumba cha 2,500 mjini utatembea mpaka viatu vitoboke. Lakini wewe uliyepanga chumba kimoja cha matope na mabati nyuma ya soko, unalipa 1,500 au 2,000, sheria hiyo bado ina meno kwako. Ni kinga ambayo mwenye apatimenti ya Nairobi hana, na wewe unaiacha ilale kwa kutojua kwamba ipo.

Inasema nini? Kwamba ukiwa chini ya kiwango hicho, huwezi kuamriwa utoke ila kwa sababu zilizotajwa ndani yake. Miongoni mwake ni kutolipa kodi, kuvunja masharti ya upangaji, kuwa kero kwa majirani, au mwenye nyumba kuihitaji kwa kuishi mwenyewe. Na hata sababu ikithibitika, jopo linaloisikiza kesi lazima liridhike kwamba ni haki na busara kukutoa. Wazia mpangaji aliyepoteza kibarua mwezi Machi, akabaki na deni, halafu akapata kazi Mei na kuanza kulipa kidogo kidogo. Huyo ana la kusema mbele ya jopo hilo, na anaweza kusikizwa. Sheria hiyo pia inamkataza mwenye nyumba kunadi vitu vyako kwa ajili ya kodi bila kibali cha jopo, na inahesabu kuwa ni kosa la jinai kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame au akubali kodi ya juu. Kukata maji ili uchoke ni usumbufu wa aina hiyo.

Sheria ya pili inawahusu nyinyi wa biashara, na pale stendi ni wengi: kinyozi, muuza nguo, mama wa hoteli ya chai na mandazi, kijana wa duka la M-Pesa, wenye stoo za mahindi. Ni Sura ya 301, inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula. Hii tuishike vizuri, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume.

Wengi wanadhani kwamba kama hukuandikiana na mwenye duka, huna haki yoyote. Kwa duka, mambo yamegeuka. Upangaji ambao haukuandikwa kabisa ndio unaolindwa, pamoja na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, na ule unaoruhusu kuvunjwa ndani ya miaka mitano hata kama hakuna aliyekiuka masharti. Kwa hiyo wewe uliyepewa duka kwa maneno na kupeana mkono mwaka 2019, ukawa unatuma kodi kwa simu kila tarehe 5, una ulinzi kamili. Tena ndiyo maana wenye majengo wajanja huleta mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Kijana anafurahi amepewa miaka mingi, kumbe ile miezi ya nyongeza ndiyo inayomtoa chini ya mwavuli wa sheria. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Nenda nayo nyumbani, uulize.

Mwenye jengo akitaka kukutoa katika duka linalolindwa, lazima akupe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, na aandike sababu. Ujumbe wa WhatsApp wa "Jumatatu utoke" si fomu hiyo. Notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Sababu nazo zimehesabiwa: kwa mfano umechelewa na kodi miezi miwili au unachelewa mara kwa mara, umeacha jengo liharibike, umevunja masharti kwa uzito, anataka kubomoa na kujenga upya, au anataka kulitumia mwenyewe kwa angalau mwaka mmoja. "Nimepata mtu wa kulipa zaidi" haimo. Akitaka kuongeza kodi pia ni njia hiyo hiyo ya notisi.

Na wewe una kazi yako, na hapa ndipo vijana wetu wanaangukia. Ukipokea notisi una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kwamba unakubali au hukubali. Kisha kabla ya siku ya notisi kuanza kufanya kazi, lazima uwe umepeleka malalamiko yako kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara. Ukishapeleka, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Usipopeleka, miezi miwili ikiisha upangaji wako umekwisha, hata kama sababu aliyoandika ilikuwa uongo mtupu. Soma sentensi hiyo tena. Mtu mwenye haki anapoteza duka kwa sababu aliiweka notisi chini ya kaunta akingoja "waje tu tuone". Jopo likiamua vibaya, rufaa ni kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ndani ya siku 30.

Wanaobaki ni wa nyumba za kuishi zenye kodi ya zaidi ya 2,500: walimu, wauguzi, wafanyakazi wa afisi, wanafunzi waliochanga kupanga pamoja. Nyinyi mnafuata mkataba wenu na Sheria ya Ardhi ya 2012. Kama hamkuandikiana muda, na unalipa kila mwezi, kifungu cha 57 kinaufanya upangaji kuwa wa mwezi kwa mwezi, na notisi ya kuuvunja haiwezi kuwa chini ya mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Notisi hiyo inawabana wote wawili. Nawe ukihama usiku bila kumwambia mwenye nyumba, usishangae dipositi ikibaki kwake.

Notisi ikiisha na bado upo, haina maana kwamba asubuhi yake anaweza kuleta vijana wa mjengo wakutolee vitu. Ina maana kwamba sasa anaweza kwenda kortini. Atafungua kesi, utaletewa samansi, na utapewa siku za kujibu zilizoandikwa humo. Jibu. Ukikaa kimya, anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikizwa, na hukumu ya namna hiyo ni halali kama nyingine. Ukijibu, unaweza kueleza kwamba ulilipa na hizi hapa jumbe za M-Pesa, au kwamba notisi ilikuwa fupi, au kwamba unakubali kutoka ila unaomba muda watoto wamalize muhula. Hakimu hukutana na maombi ya muda kila siku. Hawezi kukupa usichokiomba.

Akishinda, anapata amri. Amri inapewa dalali mwenye leseni, na kwa kawaida polisi husimamia ili pasitokee fujo. Siku hiyo ikifika, omba kuiona amri, angalia nambari ya kesi, jina lako, jina la mahakama na muhuri. Kama ni ya kweli, usipigane. Toa vitu vyako mwenyewe kwa heshima, na kama una hoja ya kuisimamisha, hoja hiyo inapelekwa kortini, si mlangoni. Mwenye kumrushia dalali jiwe amebadilisha kesi ya kodi kuwa kesi ya jinai, na hiyo hatutakuja kumtetea kwayo.

Ipo kesi moja ya Nairobi inayofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 2010 wapangaji wa mtaa wa Muthurwa, nyumba za zamani za reli zilizokuwa chini ya wadhamini wa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, walitakiwa wahame. Walienda Mahakama Kuu kwa jina la Satrose Ayuma na wenzake. Mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikiukwa kwa namna walivyotendewa. Hakusema wakae pale milele, na mwenye mali hakunyang'anywa mali yake. Aliagiza pande mbili zikae chini zipange namna ya kuhama, na akaikumbusha serikali kwamba nchi haikuwa na sheria ya kuongoza uhamishaji wa watu. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha sheria za ardhi. Hata mtu aliyeingia ardhi ya mwenyewe bila idhini sasa hupewa notisi ya miezi mitatu, na wanaokuja kumtoa lazima wajitambulishe, waonyeshe idhini yao, walinde utu wa watu, na wawape nafasi kwanza ya kubomoa na kuokoa mali zao. Kama aliyevamia ana haki hizo, wewe uliyepewa ufunguo kwa hiari na kulipa dipositi huwezi kuwa chini yake.

Kuhusu chifu. Watu wa Kamukuywa wakigombana na landilodi, kituo cha kwanza ni afisi ya chifu, na hatuna ubaya na hilo. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza mapatano. Chifu akiwakalisha mkakubaliana ulipe deni kwa awamu tatu, alhamdulillah, mmeokoa pesa na jirani. Lakini barua ya chifu si amri ya kukutoa. Neno la mzee wa mtaa vile vile, na OCS naye hana mamlaka ya kukuamuru uhame. Na wapo vijana wanaotuuliza kama wanaweza kwenda kwa Kadhi kwa kuwa wao na landilodi wote ni Waislamu. Hapana. Kifungu cha 170 kimemwekea Kadhi mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kodi ya nyumba haimo. Imamu au Kadhi anaweza kuwasuluhisha kama mtu mwenye heshima, lakini hawezi kutoa hukumu ya kumfukuza mtu nyumbani.

Tuseme na lile ambalo halipendwi kusikizwa. Deni la nyumba ni deni. Mwenye ploti wengine ni mjane anayesomesha wajukuu kwa vyumba vinne, na kodi yako ndiyo unga wake. Sheria hizi hazikuwekwa ili ukae miezi sita bure ukijificha nyuma ya neno "haki". Usiache kulipa kwa hasira eti kwa sababu choo kimeharibika; ukifika kortini na malimbikizo, malalamiko ya choo yatasikika kama kisingizio. Akikataa kupokea kodi ili akutengenezee kesi, tuma, akirudisha hifadhi ujumbe, tuma tena mwezi unaofuata. Na kama kweli huna, nenda kwake kabla hajaja kwako, mkubaliane, muandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi, na aya mbili kabla yake inahusu kumpa nafasi mdaiwa aliyebanwa. Ya pili tunaipenda sana tukiwa sisi wadaiwa. Ile ya kuandika tunaisahau, tunampa msimamizi wa ploti noti mkononi, bila risiti, halafu msimamizi anafutwa kazi na kodi yetu ya miezi miwili inaondoka naye.

Jambo jingine linawagusa kina dada hasa. Ukiambiwa utoke kwa sababu ya hijabu, au kwa sababu "hatutaki Waislamu hapa", kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini na wa mavazi, na kinamkataza mtu binafsi pia, si serikali peke yake. Andika maneno aliyoyasema, siku na saa, na nani alisikia. Mara nyingi hayawekwi kwenye notisi. Notisi itasema "matumizi ya familia".

Na nyinyi mliochanga mkapanga ukumbi wa kuswalia, jihadharini. Ukumbi huo si nyumba ya kuishi wala si duka, kwa hiyo msitegemee kinga ya Sura ya 296 wala 301. Kinga yenu ni mkataba. Mtu asitie mikeka, wudhu na vipaza sauti katika jengo la watu kwa ahadi ya mdomo. Andikeni muda, notisi, na nani atalipia kilichojengwa mkihama.

Sasa umefika jioni, umekuta kufuli. Usilivunje. Piga picha mlango, kufuli na chochote kilichotolewa nje, na muombe jirani mmoja au wawili wawe mashahidi. Mpigie mwenye nyumba ukiwa na mtu kando yako, umuulize kwa utulivu kama ana amri ya mahakama. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, uchukue nambari ya OB. Wakikwambia "hiyo ni kesi ya kiraia", waambie hukuja kuamuliwa kodi, umekuja kuripoti kwamba dawa zako, kitambulisho na vitabu vya mtoto vimefungiwa na mtu asiye na amri. Asubuhi, mahakama ya karibu ni Kimilili; ukiwa upande wa Kiminini ni Kitale. Muulize karani wa mahakama namna ya kuwasilisha ombi la dharura la kufunguliwa na kumzuia asikutoe mpaka usikizwe. Ukiwa wa duka, uliza namna ya kulifikia jopo. Kesi zake siku hizi huweza kusikizwa kwa mtandao. Kama huna ada ya kesi, uliza pia kuhusu kufungua kesi kama mtu asiyejiweza, na kuhusu msaada wa kisheria wa serikali uliowekwa na sheria ya 2016. Beba picha, jumbe za M-Pesa na mkataba kama upo.

Wenye notisi mkononi wiki hii, tutumieni picha yake kwenye inbox ya ukurasa huu, mbele na nyuma, na mwandike tarehe mliyoipokea. Hiyo tarehe ndiyo tutakayoiangalia kwanza.